MULIKA MWIZI NA SIMU JANJA: IPI ILIKUWA BORA?

Maandishi ya mazungumzo kwa vijana na wazazi



Ndugu zangu vijana, baba zetu, mama zetu na nyote mliobaki baada ya tarawehe, na wewe ndugu msomaji unayeyasoma haya ukingojea adhana ya magharibi, nashukuru kupewa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya jambo linalowagusa vijana, nami nikachagua kile kidude ambacho hivi sasa kiko mfukoni mwa karibu kila mmoja wenu. Nacho ni simu.

Kwa nini simu? Kwa sababu katika nyumba nyingi simu imekuwa ugomvi. Kijana amemaliza shule, hataki kuonekana na kabambe, anamwambia mamake ati hiyo ni simu ya nyanya. Mama naye anaangalia unga, kodi na karo, hajui aanzie wapi. Kijana mwingine amechukua simu kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na siku asipolipa inajifunga yenyewe, hapigi wala haandiki. Na Idi ikikaribia mambo ndiyo huzidi: nguo mpya, viatu vipya, na sasa lazima na simu mpya!

Basi leo sikuja kuwaambia mtupe simu zenu, wala sikuja kuwauzia. Nataka tulinganishe kwa haki simu za zamani na simu janja za mwanzo mwanzo, kila moja ilikuwa na nini na ilikosa nini. Tukizielewa za jana, tutajua kuchagua ya leo. Na jambo moja ningependa mlishike tangu sasa: bei ya simu ya zamani iliishia dukani, lakini bei ya simu janja inaanzia dukani.

TUNAZUNGUMZA JUU YA SIMU GANI?

Tusije tukachanganya mambo. Ninaposema simu ya zamani nina maana ya simu kama Nokia 3310, iliyotangazwa mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 120 duniani, na Nokia 1100 iliyotoka mwaka wa 2003. Hii ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 250, na ni simu chache mno katika historia zilizofika hapo. Ilikuwa na tochi kichwani. Wakenya hawakukawia, wakaiita mulika mwizi, na jina hilo likazienea simu zote za aina yake.

Ama simu janja, au smatifoni kama wasemavyo vijana, ni simu iliyo kompyuta ndogo: inaweza kuongezwa programu mpya baada ya kununuliwa. Wengi hudhani zilianza na iPhone. Sivyo. Mwaka wa 1994 kampuni ya IBM iliuza Marekani simu iliyoitwa Simon, yenye kioo cha kugusa, kalenda na barua pepe. Bei yake ilikuwa dola 899 pamoja na mkataba wa laini, na betri yake ukiizungumzia ilikuwa ikiisha kwa kama saa moja tu. Baadaye zikaja BlackBerry, zikaja Nokia za mfumo wa Symbian kama ile N95 iliyofika madukani mwaka wa 2007, ikaja iPhone mwaka huo huo, kisha mwezi wa Oktoba 2008 ikatoka simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ambayo Marekani iliitwa G1.

Kwetu Kenya, simu janja iliyofungua mlango kwa mtu wa kawaida ilikuwa Huawei Ideos. Ilipoingia mwanzoni mwa 2011 iliuzwa chini ya shilingi 10,000. Hapo ndipo wengi waliposhika Android kwa mara ya kwanza.

VIFUNGO NA KIOO

Sasa tuanze kulinganisha. Kwa uzito, mtastaajabu: Nokia 3310 ilikuwa gramu 133, na iPhone ya kwanza gramu 135. Karibu sawa! Tofauti ilikuwa usoni. Kioo cha 3310 kilikuwa na nukta 84 kwa 48, nyeusi tupu. Kioo cha iPhone kilikuwa na nukta 320 kwa 480, tena za rangi. Ukipiga hesabu, ni zaidi ya mara 38.

Lakini vifungo navyo vilikuwa na fadhila zake. Ni kweli kuandika kulichosha. Neno "salaam" peke yake lilitaka ubonyeze mara 11, maana herufi ya S ilikuwa ya nne kwenye kifungo cha 7, na L ya tatu kwenye kifungo cha 5. Hata hivyo, vidole vilizoea, na kijana aliweza kuandika simu ikiwa chini ya dawati bila kuitazama. (Walimu wanaijua habari hiyo!) Na je, mmewahi kupapasa kifungo cha 5? Kina kidoti kilichoinuka. Kwa kidoti hicho ndugu yetu asiyeona aliweza kupiga nambari yoyote bila kusaidiwa. iPhone ya 2007 ilikuwa kioo kitupu, laini kama sahani, na asiyeona hakuwa na la kushika. Mpaka mwaka wa 2009, ilipotoka iPhone 3GS, ndipo simu hiyo ikawekewa sauti ya kumsomea kilichoko kwenye kioo. Tangu hapo mambo yamegeuka, na leo simu janja ni msaada mkubwa kwa wasioona, lakini mwanzo wake uliwaacha nje.

CHAJI

Hapa mulika mwizi anatembea kifua mbele. Nokia 1100 ilitangazwa kukaa hadi saa 400 ikiwa haitumiki, yaani zaidi ya siku 16. Kwa hesabu ya watengenezaji, mtu angeingia itikafu ya siku 10 na chaji moja, akatoka siku ya Idi na simu ingali hai, mradi tu hakupokea simu nyingi huko ndani.

Tuseme haki lakini. Kwa kuzungumza, iPhone ya kwanza ilitangazwa saa 8, na Nokia 1100 ilikuwa saa 4 na nusu hivi. Kwa hiyo betri ya simu janja haikuwa dhaifu. Kilichoimaliza ni kazi: kioo kikubwa chenye mwanga, intaneti, ramani, muziki. Mwenye N95 aliyewasha kila kitu aliijua chaja yake kama ndugu. Kwa aliyekaa mjini hilo lilikuwa usumbufu tu. Kwa aliyekaa kijijini bila umeme, ambaye huchajisha simu dukani kwa kulipa, kila chaji ilikuwa pesa. Mnaona sasa nilivyosema bei inaanzia dukani?

Na tofauti nyingine: betri ya Nokia uliitoa kwa kidole gumba, ukanunua nyingine, ukaendelea. Hata ganda la 3310, mbele na nyuma, ulibadilisha mwenyewe nyumbani. iPhone ilifungwa kabisa, betri haitoki mpaka kwa fundi.

UJUMBE, PICHA NA QASWIDA

Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Wazazi mnakumbuka usiku wa Idi miaka ile ya 2000: kila mtu anatuma salamu wakati mmoja, mtandao unajaa, na salamu ya Idi mosi inafika Idi pili. Na kwa kuwa kila ujumbe ulilipiwa, watu walipima maneno. Nokia 3310 iliweza kuunganisha ujumbe hadi herufi 459, lakini ulilipia kama ujumbe tatu.

Simu janja zilipokuja zilileta barua pepe, tovuti na ramani mkononi. Lakini msidhani zilikuja zimekamilika. iPhone ya kwanza, pamoja na sifa zote zile, haikuweza kutuma picha kwa ujumbe wa simu. Haikupiga video. Haikuweza kunakili maneno mahali na kuyabandika pengine, jambo hilo lilisubiri mpaka mwaka wa 2009. Haikuwa na 3G wala nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Na kwa vijana wetu wa wakati ule waliokuwa wakipeana qaswida na mawaidha kwa Bluetooth, simu hiyo ingekuwa bubu, maana haikupokea faili kwa njia hiyo. N95 iliyaweza hayo yote, ikiwa na kamera ya megapikseli 5, redio na GPS.

Basi mbona iPhone ikashinda? Kwa sababu ilikuwa rahisi kutumia, kidole tu, na kwa sababu tarehe 10 Julai 2008 lilifunguliwa duka lake la programu, likianza na programu kama 500. Tangu hapo simu haikuwa tena kile ulichokinunua. Ikawa kile unachozidi kukiongeza.

Hata michezo ilionesha tofauti hiyo. Ndani ya 3310 mlikuwa na michezo minne, ukiwemo ule wa nyoka, na mwingine ukiitwa Bantumi. Aliyecheza Bantumi alikuwa akicheza jamaa wa bao letu bila kujua, lile lile la kete na vishimo. Michezo ilikuwa minne, ukiichoka umeichoka, unaiweka simu chini. Kwenye duka la programu mchezo haumaliziki.

PESA: MWAKA WA 2007

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Mwaka wa 2007 kulitokea mambo mawili makubwa katika dunia ya simu. Tarehe 29 Juni, Marekani, watu walipanga foleni kununua iPhone. Ya GB 4 ilikuwa dola 499, ya GB 8 dola 599, yaani karibu shilingi 40,000 za wakati huo. Lakini karibu miezi minne kabla ya hapo, tarehe 6 Machi 2007, hapa kwetu Kenya ilikuwa imezinduliwa M-Pesa.

Na M-Pesa ilipanda simu gani? Ilipanda mulika mwizi! Haikutaka kioo cha kugusa wala intaneti. Menyu yake ilikaa ndani ya laini, na pesa zikaenda kwa njia ile ile ya ujumbe mfupi. Mjukuu akiwa Nairobi akamtumia nyanya yake aliye Lamu au Garissa, na nyanya akazipokea kwa simu ya nukta nyeusi. Simu hiyo hiyo tunayoionea haya ndiyo iliyobadilisha maisha ya Mkenya.

Fikiria pia hali ya intaneti. Hadi katikati ya 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti, na intanetı ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo ndipo nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika pwani hapa Mombasa. Kabla ya hapo smatifoni ilikuwa kama jahazi jipya lililoegeshwa mchangani, linangojea maji kujaa. Maji yalipojaa likaelea, na Ideos ikaja kwa wakati wake.

Halafu lipo somo jingine katika ile iPhone. Mwezi wa Septemba 2007, baada ya kama miezi miwili tu, kampuni ilishusha bei ya ile ya GB 8 kutoka dola 599 hadi 399. Waliokimbilia foleni wakalalamika hata wakarudishiwa dola 100 za kununulia vitu katika duka la kampuni. Aliyesubiri alipata simu ile ile kwa bei nafuu. Vijana, subira si ya kufunga peke yake.

KIBLA

Mtu ataniambia, "Lakini smatifoni inanionesha kibla." Ni kweli, na ni neema. G1 ya 2008 ilikuwa na dira ndani yake, na iPhone ikapata dira mwaka wa 2009. Lakini je, mnajua kwamba LG ilikuwa imetoa simu ya kukunja ya kuonesha kibla tangu mwaka wa 2004, aina ya F7100? Ilikuwa simu ya vifungo. Basi si kila jambo zuri lilingojea kioo cha kugusa.

Na kwa sisi wa Mombasa Mola ametufanyia wepesi. Mji wetu na Makka karibu ziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Dira yoyote ya kawaida inakutosha. Ukitumia ya simu, iweke mbali na chuma na sumaku, pamoja na zile kava zenye sumaku, kwa sababu zinaipotosha.

IPI ILIDUMU?

Sasa tuje kwenye swali gumu. Simu ya zamani ilizeeka kwa kuchakaa: vifungo vinafutika, kipaza sauti kinakwaruza, betri inavimba. Fundi wa mtaani aliweza kukutengenezea. Simu janja inazeeka kwa njia mbili. Inachakaa, na pia inaachwa. Watengenezaji wakiacha kuishughulikia, programu moja moja inakukimbia hata kama kioo bado kinang'aa. Mwishoni mwa Juni 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Symbian, zikiwemo zile N95 zilizokuwa fahari ya mji. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma za simu zake za zamani. Mwenye nazo hakuzivunja wala hakuziangusha. Ziliachwa tu.

Mulika mwizi hakuwa na wa kumwacha isipokuwa mtandao wenyewe. Maadamu 2G ipo, anapiga na anapokea. Huko Marekani kampuni moja kubwa, AT&T, ilipozima 2G mwanzoni mwa 2017, Nokia za zamani na iPhone ya kwanza zilinyamaza pamoja siku moja. Mkubwa na mdogo wakalala safu moja.

Ubora wa simu janja nao tusiufiche. Nokia 1100 ilihifadhi majina 50 na ujumbe 50. Ikipotea, majina yamepotea nayo, na unaanza kuzunguka mtaani ukiomba nambari upya. G1 iliyahifadhi majina kwenye akaunti ya mwenyewe, simu ikaibiwa majina yakabaki. Mwanafunzi akapata kamusi, ramani na masomo. Mfanyabiashara akapata picha za bidhaa. Aliye Mombasa akamwona nduguye aliye Muscat au London uso kwa uso. Hayo ni manufaa makubwa, na anayeyahitaji ana haki ya kuyatafuta.

BASI TUCHAGUE VIPI?

Kabla ya kununua simu, ya Idi au ya siku yoyote, jiulize maswali manne.

1. Nina kazi gani nayo? Ikiwa ni kupiga, kupokea, ujumbe na pesa, kabambe inakutosha na chaji itabaki. Ikiwa unasoma, unauza au unafanya kazi kwa intaneti, smatifoni ni chombo chako cha kazi.

2. Itakula nini kila mwezi? Hesabu bando, chaji, na kama ni ya mkopo, hesabu malipo ya siku mara siku zote mpaka mwisho. Andika jumla hiyo kwenye karatasi, uiweke kando ya bei ya kulipa mara moja. Watu wengi hawajawahi kuiona jumla hiyo.

3. Itadumu hadi lini? Uliza mtengenezaji ataishughulikia kwa miaka mingapi, na betri na kioo chake vinapatikana kwa mafundi wetu au havipatikani.

4. Ni ya kweli? Bonyeza *#06# uone nambari yake ya tarakimu 15, uilinganishe na ya kwenye boksi. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia kama milioni 1.9 zilizimwa nchini Kenya kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano. Wengi wa wenyewe walikuwa wamenunua kwa nia safi, pesa zikaenda.

Na wazazi, nanyi nina neno kwenu. Kijana akiomba smatifoni msimkatie kwa ukali, mkalisheni mpige naye hesabu hiyo ya karatasi. Pengine ana haja ya kweli ya masomo. Pengine mtakubaliana angoje. Na wewe kijana, usimnunulie mamako simu asiyoitaka ukajiona umefanya wema, halafu ukamwacha akiogopa kuigusa. Muulize kwanza. Kama anapenda vifungo vyake, mnunulie betri mpya. Na kama anataka kukuona ukiwa mbali, kaa naye jioni tatu baada ya futari umfundishe, pole pole, bila kumcheka.

Nimeuliza kwenye kichwa cha maneno haya, ipi ilikuwa bora. Nimekuta kila moja ilikuwa bora kwa aliyejua amenunua nini. Israfu haimo kwenye kioo wala kwenye vifungo. Imo kwa anayelipa kila siku kitu ambacho hakukihitaji, na nyumbani futari ni ya kukopa.

Mola atupe akili ya kutumia neema zake, atukubalie funga zetu, na atufikishe Idi sote salama. Na yule ambaye simu yake imelia tulipokuwa rakaa ya tatu, tumemsamehe, lakini kesho aizime mlangoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.